Inuka, Ule

Rafiki yangu wa moyoni,

Salamu nyingi. Natumaini hujambo na wote nyumbani hawajambo. Mama bado yuko kitandani, ila juzi alikuulizia kwa jina, nikafurahi mno.

Nimeshika kalamu kwa sababu ya mahubiri ya Jumapili. Somo lilikuwa Eliya, 1 Wafalme 18 na 19. Mchungaji alikaa sana kwenye mlima Karmeli: nabii mmoja mbele ya manabii 450 wa Baali, moto unashuka, watu wanaanguka kifudifudi. Kanisa zima likaitikia amina. Mimi nilikuwa nyuma nasinzia, maana usiku ule niliamka mara nne kumgeuza mama. Ushujaa wa Karmeli haukuniingia.

Kisha akasoma harakaharaka pale malkia Yezebeli alipomtishia Eliya, naye akakimbilia jangwani, akaketi chini ya mretemu, kijiti cha jangwani, akiomba afe. "Yatosha." Usingizi ukaniruka. Neno hilo nililisema mwenyewe alfajiri ile, shuka lililolowa likiwa mkononi, halafu nikaona haya mbele za Mungu.

Sasa tazama kilichofuata. Malaika hakumkaripia, wala hakumuuliza imani ya Karmeli imekwenda wapi. Alimgusa tu, akamwambia, "Inuka, ule." Kichwani pake palikuwa na mkate uliookwa juu ya makaa na gudulia la maji. Eliya akala, akanywa, akalala tena! Akaachwa alale. Malaika aliporudi mara ya pili alisema yale yale, akaongeza kwamba safari ni kubwa mno kwake. Kubwa mno, na aliyesema hivyo ametumwa na Mungu! Mbele yake palikuwa na mwendo wa siku 40 mpaka Horebu, mlima wa Mungu, na lile swali, "Unafanya nini hapa, Eliya?", lilimngoja huko huko, baada ya kula na kulala.

Mchungaji hakutua hapo, alipita kwenda kwenye ile sauti ndogo ya utulivu ambayo Eliya aliisikia Horebu. Simlaumu, pengine yupo aliyeihitaji. Mimi nilibaki chini ya mretemu mpaka baraka ya mwisho. Miezi yote hii nimekuwa nikiomba nguvu, na kila nikichoka najihesabia dhambi.

Nawe uliponipigia simu ukasema utakuja ukae na mama siku moja ili nilale, nilikujibu vibaya. Nikakuambia mama ni wangu. Unisamehe, ndugu yangu. Nilidhani umeniona nimeshindwa, kumbe ulikuwa umeniletea gudulia.

Kama bado una nafasi, njoo Jumamosi. Mama hula saa saba, na hupenda kusomewa Zaburi polepole. Ukimgeuza, usimshike bega la kushoto, linamuuma. Mimi nitakuwa chumba cha pili, nimelala.

Ni mimi rafiki yako akupendaye.