Mnyonge mnyongeni, lakini nadharia ya nyuzi ipewe haki yake

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua nijibu hoja inayorudiwa karibu kila mara nadharia ya nyuzi inapotajwa: kwamba wanafizikia wamepoteza zaidi ya miaka 50 wakifukuzia kitu kisichoonekana, na hakuna walichoambulia. Sehemu ya kwanza ya hoja hiyo ina uzito wake. Sehemu ya pili si kweli, na inaniuma kuiona ikipita bila kujibiwa.

Nianze na lisilopendeza. Nadharia hii inadai kwamba chembe kama elektroni si nukta bali ni nyuzi zinazotetema, na kila namna ya kutetema ndiyo tunayoiona kama chembe ya aina fulani. Hakuna jaribio hata moja lililoonyesha kwamba ulimwengu umeundwa hivyo. Ikiwa nyuzi ni ndogo kama wengi wanavyokisia, nishati ya kuzifikia inazidi ile ya LHC, mtambo wa kugonganisha chembe wa kituo cha utafiti cha CERN huko Ulaya, kwa takribani mara trilioni elfu moja. Mtambo huo uliipata chembe ya Higgs mwaka 2012, lakini chembe nyingine ambazo wananadharia wengi walizitarajia hazijaonekana hadi leo. Tena milinganyo ya nadharia inaruhusu ulimwengu wa aina nyingi kupita kiasi. Makadirio yanayotajwa sana ni 10 kwa kipeo cha 500. Waliotangaza katika miaka ya 1980 kwamba nadharia ya kila kitu imekaribia waliahidi wasichokuwa nacho, na anayewalaumu kwa hilo hakosei.

Lakini kusema hawakuambulia kitu ni jambo jingine kabisa.

Chukua umbo la jiometri liitwalo kwintiki, linaloelezwa na mlinganyo mmoja wa kipeo cha 5. Ni mojawapo ya maumbo ya Calabi-Yau, ambayo wananadharia waliyahitaji ili kukunja ndani yake zile daimensheni sita za ziada ambazo nadharia inazidai. Wanahisabati walikuwa na swali lao la zamani: umbo hili linabeba mistari mingapi iliyonyooka? Jibu, 2,875, lilipatikana tangu karne ya 19. Swali linalofuata ni la mistari iliyopinda ya kipeo cha 2, jamii ya duara na duaradufu. Hilo lilisubiri hadi mwaka 1986, Sheldon Katz alipopata 609,250. Mistari ya kipeo cha 3 ikabaki kuwa mtihani mgumu.

Mwaka 1991 Philip Candelas na wenzake watatu, waliotokea upande wa fizikia, walitoa jibu: 317,206,375. Hawakuhesabu mstari hata mmoja. Walitumia jambo lililogunduliwa ndani ya nadharia ya nyuzi, kwamba maumbo haya huja kwa jozi, na fizikia inayotoka katika umbo moja ni ileile inayotoka kwa pacha wake. Swali lililowashinda watu upande mmoja hugeuka kuwa kazi ya milinganyo inayotatulika upande wa pili. Wakati huohuo wanahisabati wawili wa Norway, Ellingsrud na Strømme, walikuwa wamefanya hesabu hiyo kwa kompyuta, kwa njia za jiometri zinazokubalika, wakapata 2,682,549,425. Namba hizo hazikukaribiana hata kidogo. Ilikuwa rahisi kudhani walioteleza ni wanafizikia, kwa sababu hawakuwa na uthibitisho wowote wa kihisabati mkononi. Kosa likaonekana kwenye programu ya kompyuta. Liliporekebishwa, ikatoka 317,206,375, tarakimu kwa tarakimu.

Wala haikuishia hapo. Kanuni ya Candelas na wenzake ilitoa majibu ya vipeo vyote kwa mkupuo. Cha 4 ni 242,467,530,000. Mwaka 1996 mwanahisabati Givental akatoa uthibitisho wa kihisabati, na mwaka uliofuata Lian, Liu na Yau wakatoa wao. Hapa ndipo ninapotaka wakosoaji watulie wafikiri. Uthibitisho huo hautegemei kama nyuzi zipo au hazipo. Hata kesho ikigundulika kwamba maada haina uhusiano wowote na nyuzi, namba zile hazibadiliki, na tawi zima la jiometri lililochipuka kutokana nazo linaendelea kukua. Maxim Kontsevich, aliyelipa tawi hilo mwelekeo mpya mwaka 1994, alitunukiwa Nishani ya Fields, mojawapo ya tuzo za juu kabisa za hisabati, mwaka 1998. Mwaka huohuo aliipata pia Richard Borcherds, ambaye katika kuthibitisha uhusiano wa ajabu kati ya kundi la ulinganifu liitwalo Monsta na fani nyingine ya hisabati, alitumia matokeo ya Goddard na Thorn ya mwaka 1972, yaliyotokana na utafiti wa nyuzi. Miaka minane kabla yao, Edward Witten alikuwa mwanafizikia wa kwanza kuvishwa nishani hiyo.

Kwa upande wa fizikia nitakuwa mwangalifu zaidi, maana huko ndiko mabishano yaliko. Katika miaka ya 1970 wanafizikia Bekenstein na Hawking walionyesha kwamba shimo jeusi lina entropia, na kwamba kiasi chake hufuata eneo la uso wake: ni robo ya eneo hilo, kwa vipimo vya asili vya fizikia. Entropia ni hesabu ya hali zilizofichika. Hali zipi? Hakuna aliyejua. Mwaka 1996 Strominger na Vafa walizihesabu moja kwa moja kwa nadharia ya nyuzi na kupata jibu lilelile la robo ya eneo. Mashimo waliyoyachunguza ni ya aina maalumu, si yale ya angani, na hilo lisemwe wazi. Hata hivyo, jibu lilikuja bila kigezo chochote cha kurekebishwa ili hesabu zikubaliane.

Mwaka uliofuata Juan Maldacena alipendekeza kwamba nadharia fulani ya uvutano na nadharia fulani ya chembe isiyo na uvutano ni kitu kimoja kilichoandikwa kwa namna mbili. Wataalamu wa viini vya atomu wameitumia njia hiyo kukadiria mnato wa ule uji wa kwaki na gluoni (chembe zinazounda protoni na nyutroni) unaotengenezwa kwa kugonganisha viini vya dhahabu kule Brookhaven, Marekani. Nadharia inayotumika ni binamu tu wa ile ya viini halisi. Lakini mnato mdogo sana iliyoutabiri uko karibu na ule ambao majaribio yanauonyesha, mahali ambapo hesabu za kawaida zilikwama.

Ombi langu, Mhariri, ni hili. Mtakapoandaa tena makala kuhusu nadharia ya nyuzi, msiishie kwa mwanafizikia anayeipinga na mwenzake anayeitetea. Mtafuteni na mtaalamu wa jiometri, mumuulize ni maswali gani kwenye meza yake leo yasingekuwepo bila nadharia hiyo.

Wako,
Mwalimu wa hisabati