Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Shughuli za Chama na Suala la Chaneli 49 hadi 60

Ndugu wanachama,

Kwa heshima na taadhima nawasilisha taarifa ya mwaka ya chama chetu cha watu wa mitambo ya televisheni. Kamati ya utendaji ilikutana mara sita, mafunzo ya mafundi mitambo yalifanyika kama kawaida, ofisi imepakwa rangi. Makabrasha mnayo, sitayarudia.

Niingie kwenye ile barua ya maoni niliyoitia saini. Najua ndiyo iliyowaleta wengi leo, na laiti mngejitokeza hivi tulipowaita kuijadili.

Ni kweli nilitia saini maoni ya chama kuunga mkono chaneli 49 hadi 60, yaani megahezi 694 hadi 790, zitolewe kwenye televisheni ziende kwenye intaneti ya simu. Ni kweli pia kwamba mkutano mkuu haukupiga kura. Uliitishwa mara mbili: mara ya kwanza tulifika 14, ya pili 11, na akidi ni 40. Siku ya mwisho ya kupokea maoni haikungoja akidi yetu.

Nimeitwa dalali wa masafa, yaani mawimbi yanayobeba matangazo na simu. Ndugu zangu, masafa ni mali ya umma. Sisi tuna leseni ya kuyatumia tu. Wala jambo lenyewe halikuanzia kwenye kalamu yangu. Mkataba wa Geneva wa 2006 ndio uliozipangia Ulaya na Afrika Juni 17, 2015 kuwa mwisho wa kinga ya analojia, yaani urushaji wa kizamani, dhidi ya kuingiliwa kwenye UHF, masafa ya televisheni. Mkutano wa dunia wa mawasiliano ya redio wa 2007 ukazigusa megahezi 790 hadi 862 kwa ajili ya simu, wa 2012 ukashuka hadi 694, wa 2015 ukathibitisha. Mwaka 2007 mimi sikuwa hata mjumbe wa kamati.

Tena tuwe wakweli, sisi watu wa mitambo. Analojia ilikula chaneli nzima ya megahezi 8 kwa kituo kimoja. Dijitali ya leo, katika upana uleule, inabeba vituo kumi na zaidi vya ubora wa kawaida. Hakuna kituo kilicholazimika kufungwa kwa kukosa nafasi. Tunasogezwa chini ya 694. Pale juu ya 694 watu wa simu wanapataka kwa sababu, kwao, hayo bado ni masafa ya chini, na mawimbi ya chini husafiri mbali na kupenya kuta, mnara mmoja ukafunika eneo ambalo kwenye megahezi 2600 lingedai minara kadhaa.

Waliopinga wana hoja moja nzito, nayo naikubali: maikrofoni zisizo na waya. Hizo hujibanza kwenye nafasi zilizo wazi kati ya chaneli, na zile za juu ya 694 zitaingiliana na simu. Hoja hiyo imo kwenye barua, aya ya tatu, niliyoiandika mwenyewe usiku wa manane, pamoja na ombi kwamba gharama za kuhamisha mitambo ya kurushia zitoke kwenye fedha za mnada wa kuyauza masafa hayo kwa kampuni za simu. Si ndoto: Marekani, katika mnada uliokamilika 2017, wenye vituo walioachia masafa walilipwa takriban dola bilioni 10. Asiyeandika halipwi. Walioona picha ya saini kwenye kundi la WhatsApp bila kufungua barua ndio wanaopiga kelele.

Sasa ada. Wanachama ni 78. Waliolipa yote 31, waliolipa nusu 9, wengine 38 hawajalipa chochote. Kati ya saba walioandika kutokuwa na imani nami, watano wamo kwenye hao 38. Majina siyataji.

Mwaka ujao, Mungu akijalia, tunatarajia kupata majibu ya barua, na hali ikiruhusu tuandae semina kuhusu megahezi 470 hadi 694, ambazo nazo zimeanza kukodolewa macho. Suala la gari la chama bado linaangaliwa.

Mhazini ameketi karibu na mlango na kitabu chake cha stakabadhi. Hataondoka hadi mtu wa mwisho atoke.