Stesheni zitaje anwani ya mkondo, si tovuti tu

Mhariri,

Stesheni zetu zikitangaza kwamba zinasikika pia mtandaoni, msikilizaji hupewa jina la tovuti au huambiwa apakue programu ya simu. Mwenye laptopu ya mwaka 2008 yenye RAM ya GB 1 hapo hana lake. Akifungua tovuti, kivinjari kinamaliza RAM yote kabla sauti haijatoka. Kinachoilemea mashine si redio, ni picha, matangazo na vikorombwezo vya ukurasa. Anachohitaji ni anwani ya mkondo, yaani kiungo kinacholeta sauti yenyewe ya stesheni.

Laptopu hiyo ikiwekewa Linux, mfumo endeshi wa bure, inacheza redio kwa amri moja bila kufungua kivinjari. Angalia kwanza kama prosesa ni ya biti 32 au 64: Debian 13, toleo la Linux lililotoka Agosti 2025, haina tena kisakinishi cha biti 32, hivyo mashine za biti 32 zibaki na Debian 12 au zitumie antiX, Linux nyingine nyepesi. Kisha fungua dirisha la amri (terminal) uandike amri hii ya kusakinisha mpv, kicheza sauti, na alsa-utils, zana za kurekebisha sauti:

sudo apt install mpv alsa-utils

apt, yaani programu ya kusakinisha, ikigoma na kusema faili "is not valid yet", tazama saa. Betri ndogo ya CR2032 kwenye ubao mama ikifa, kompyuta hurudi miaka ya nyuma kila ikizimwa. Rekebisha tarehe kwa sudo date -s "2026-01-15 09:30" (weka ya siku yenyewe), halafu nunua betri nyingine, la sivyo kazi hiyo ni ya kila siku.

Kucheza ni hivi, ukiweka anwani ya mkondo mahali pa neno anwani:

mpv --no-video --cache-pause-initial=yes --cache-pause-wait=10 "anwani"

Vipande viwili vya katikati vinaifanya mpv ikusanye sauti ya sekunde 10 kabla ya kuanza, na ndivyo vinavyopunguza kukatakata pale mtandao unapoyumba. Alama za kunukuu msizidharau: anwani ikiwa na & ndani yake bila alama hizo, amri inakatwa hapohapo na kinachobaki hakifungui kitu. Sauti hupunguzwa kwa 9 na kuongezwa kwa 0. Q ni kufunga. Ipo pia mpg123, nyepesi zaidi, ila inacheza MP3 tu, na zipo stesheni zinazorusha kwa AAC, muundo mwingine wa sauti.

Sekunde zikihesabika kwenye skrini lakini spika ziko kimya, andika alsamixer, kidhibiti cha sauti. Ukiona MM chini ya Master, bonyeza M. Bado? Huenda sauti inapelekwa HDMI, tundu la skrini ya nje, ambako hakuna kilichochomekwa: andika mpv --audio-device=help uone orodha ya vifaa, kisha ongeza --audio-device=jina la kifaa kwenye amri ya kucheza. Kwenye Debian, anayetaka kufunika laptopu redio iendelee aandike HandleLidSwitch=ignore ndani ya /etc/systemd/logind.conf, kisha awashe mashine upya.

Kwenye bando, hesabu ni rahisi. Mkondo wa kilobiti 128 kwa sekunde unakula takribani MB 58 kwa saa. Wa kilobiti 64, MB 29. Kwa taarifa ya habari na mazungumzo, 64 inatosha kabisa. Anayesikiliza saa nane kwa siku anaokoa zaidi ya MB 200, bila kugusa chochote isipokuwa anwani.

Na hapo ndipo penye kero. Anwani hiyo wengi hawaitaji popote. Wachache huweka faili la .m3u au .pls, ambalo ni maandishi matupu yenye anwani ndani, na mpv hulisoma lenyewe. Kwingineko lazima uazime kompyuta yenye nguvu, ufungue ukurasa, ubonyeze F12, uingie kichupo cha Network, ucheze redio, kisha uchambue orodha hadi uone mstari ambao haumaliziki kupakuliwa. Hiyo ni kazi ya fundi, si ya mzee anayetaka kusikia habari za saa mbili usiku.

Ninaziomba stesheni ziandike anwani ya mkondo kwenye tovuti zao kama zinavyoandika masafa ya FM, na ziweke mkondo wa pili wa kilobiti 64 au 48 kwa wenye bando dogo. Zikihamia seva nyingine, ziiache anwani ya zamani ielekeze kwenye mpya. Mpv inafuata maelekezo hayo yenyewe. Gazeti lenu nalo linaweza kuzichapa anwani hizo kando ya ratiba za vipindi.

Fundi kompyuta,
Morogoro