Mnaoenda Thailand, jifunzeni adabu za wenyeji

Mhariri, naomba kanafasi niwaambie Wabongo wenzangu wanaoenda Bangkok kufata mzigo, jamani ulizeni adabu za kule kabla hamjapanda ndege. Mtu anakaa kanyoosha miguu nyayo zinamtazama mzee wa watu, mwingine anamshika mtoto kichwani eti anambembeleza, wakati kwa Mthai kichwa ni cha heshima sana hakiguswiguswi ovyo. Noti ikidondoka usiikanyage, ina picha ya mfalme, na kule kumtusi mfalme ni jela miaka 3 mpaka 15 kwa kila kosa, hawana masihara. Salamu mbona nyepesi tu, unakutanisha viganja kifuani unainamisha kichwa, mwanaume anasema sawadii khrap, mwanamke sawadii kha. Ukiangukia Songkran, sikukuu yao ya mwaka mpya ambapo watu wanamwagiana maji, Aprili 13 hadi 15, utalowa hata ukivaa suti, ila fujo za maji ni za barabarani, nyumbani wanawamwagia wazee maji ya manukato mikononi taratibu na wazee wanawaombea heri, hapo ndo mi napapenda. Simu tieni kwenye mfuko wa plastiki.

Msomaji wenu,
Kariakoo, Dar es Salaam