Kabla ya kikao cha kesho: kisawazisha mzigo

Wadau, habari zenu. Kesho saa mbili usiku tunaandika kisawazisha mzigo (kifaa kinachogawa maombi ya watumiaji kwa seva kadhaa) cha AWS, huduma ya wingu ya Amazon, aina ya Application Load Balancer, kwa Terraform, zana ya kuunda miundombinu kwa msimbo. Andaeni mapema sabneti mbili (vipande vya mtandao) za kanda tofauti (Availability Zone); ukitaja moja tu, kinakataa kuundwa.

Wengi hukwama kwenye ukaguzi wa afya, yaani kisawazisha kuipima seva kama inafanya kazi. Usipotaja njia, kinagonga `/` na kungoja jibu la 200 (“sawa”). Programu yako ikimrusha mgeni kwenye ukurasa wa kuingia, jibu ni 302 (“nenda kwingine”), na seva iliyo nzima inahesabiwa mbovu. (Mimi hilo lilinilia jioni nzima!) Tengeneza `/afya` inayojibu 200, uitaje kwenye `health_check`.

`terraform plan`, orodha ya mabadiliko yatakayofanywa, isomeni, msiipitishe macho tu. Tukimaliza, `terraform destroy` ili kufuta tulivyounda, maana kisawazisha kinatozwa kwa saa hata kikikaa bure.