Barua kwa mdogo wangu wa Tanga anayetaka kuanzisha jarida la hadithi na mashairi

Mdogo wangu,

Marahaba. Ujumbe wako nimeusoma, nikaurudia usiku watoto walipolala. Unauliza mtaji ni kiasi gani, mchapaji gani ana bei nafuu, na jina gani litavutia watu. Nakujibu hadharani kwa sababu vijana wengi wananiuliza hayo hayo. Ila swali ninalolisubiri bado hujaniuliza: nani atakaa azisome kazi zitakazoletwa, na atawajibu nini walioziandika?

Hapo ndipo jarida lilipo. Mengine yote, hata kupiga chapa kwenyewe, yanafuata.

Nikueleze kazi zinavyofika. Sisi katika jarida letu tulitangaza kwamba watu watume faili kwa barua pepe. Wachache walifanya hivyo. Wengi walituma hadithi nzima kwa WhatsApp, vipande vipande, mwisho ukitangulia katikati. Binti mmoja alipiga picha kurasa za daftari lake, na kidole gumba kikawa kimeziba mstari wa chini wa kila ukurasa. Wapo wahariri wanaosema kazi za namna hiyo zisipokelewe, kwamba mwandishi makini anafuata utaratibu. Sikubaliani nao hata kidogo. Mtu anayeandika kwa simu ya kuazima hajakosa umakini, amekosa kompyuta. Kazi ya yule binti tuliinakili wenyewe, tukampigia atusomee mistari iliyozibwa, na hadithi yake ndiyo iliyofungua toleo.

Halafu mjibu kila mmoja. Ndiyo, kila mmoja. Mhariri wa jarida dogo mara nyingi ndiye msomaji wa kwanza wa mwandishi huyo asiye ndugu wala rafiki, na ukimya wako ataufasiri kuwa hana kipaji. Usimtumie zile sentensi za ofisini za kusikitika kumjulisha. Mwambie jambo moja uliloliona ndani ya kazi yake, jambo ambalo usingeweza kuliona kama hukuisoma. Shairi lake lina mizani 16 kila mshororo, nane kwa nane, kisha ubeti wa tatu mshororo mmoja umebaki na 15: mwonyeshe ulipo, umwachie autengeneze mwenyewe. Usimtilie neno lako ili mizani itimie. Shairi ni lake.

Utaletewa pia mashairi yasiyo na vina. Ugomvi huo ni wa zamani, na miaka ya 1970 ulipamba moto hasa pale Euphrase Kezilahabi alipochapisha mashairi huru. Wewe na wenzako mtabishana, bisheni. Mimi naona kijana anayeandika huru asiamriwe arudi kwenye vina. Aulizwe tu kwa nini mstari ameukata hapo alipoukata. Akiwa na jibu, huyo anajua anachofanya. Akikosa, swali hilo litamfaa kuliko kukataliwa.

Na wewe uko Tanga, kwa hiyo sina haja ya kwenda mbali. Kabla jina la Shaaban Robert halijawekwa kwenye majalada ya vitabu, mashairi yake yalikuwa yakitoka katika Mambo Leo. Gazeti hilo lilianza mwaka 1923, nalo lilikuwa la serikali ya mkoloni, lenye shabaha zake. Lakini watunzi walilitumia kwa shughuli yao wenyewe: mmoja anauliza kwa beti, mwingine wa mji wa mbali anamjibu kwa beti, wa tatu anaingia kuamua. Walisomana na kusahihishana kwa miaka. Nairobi nako, mwandishi Binyavanga Wainaina alishinda Tuzo ya Caine ya hadithi fupi za Kiafrika mwaka 2002, mwaka uliofuata likatoka jarida la Kwani? alilolianzisha na wenzake, na mwaka huohuo hadithi ya Yvonne Adhiambo Owuor iliyotokea humo ikashinda tuzo ileile. Siahidi tuzo. Nakuonyesha kwamba palikuwa na mahali pa kuipeleka hadithi moja.

Maana sasa tunayo Tuzo ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, iliyotolewa kwa mara ya kwanza mwaka 2023, na ninaifurahia sana. Lakini kushindana huko kwa riwaya kunataka mtu aliyekwisha kufika mbali. Yule mwenye hadithi moja ya kurasa nane, ambayo haijawahi kuonwa na macho ya mgeni, aende wapi?

Tuje kwenye hela, maana najua umekuwa ukiisubiri sehemu hii. Ukitaka nakala chache, tafuta mashine ya kidijitali. Ofseti, yaani mashine kubwa za uchapaji, inahitaji pleti, bamba la kuchapia, na gharama ya pleti ni ileile uchape nakala 100 au 2,000, ndiyo maana inawafaa wanaochapa nyingi. Jarida la kupiga pini katikati lazima idadi ya kurasa zake igawanyike kwa 4. Kurasa 64 za karatasi ya gramu 80 zinakaa vizuri, zikizidi sana utaambiwa libandikwe kwa gundi na bei itapanda. Usilipe chochote kabla hujashika nakala moja ya mfano na kuifungua kila ukurasa. Mapema kabisa nenda Idara ya Habari MAELEZO uulize habari ya leseni, kwa kuwa ipo Sheria ya Huduma za Habari ya mwaka 2016.

Akitokea mfadhili, muulize fedha zake zinatoka wapi. Kampala mwaka 1961, Rajat Neogy, kijana wa miaka ishirini na kidogo, alianzisha jarida la Transition, na nusu ya waandishi wakubwa wa Afrika tunaowasoma leo walipita humo. Mwaka 1967 ikajulikana kwamba taasisi iliyokuwa ikilisaidia jarida hilo ilikuwa ikipata fedha kutoka CIA, shirika la ujasusi la Marekani. Mwaka uliofuata serikali ya Rais Obote wa Uganda ikamtia Neogy kizuizini kwa sababu ya yaliyochapwa jaridani. Kazi yake naiheshimu mno, na kwa sababu hiyo nataka wewe uulize mapema.

Mlipe mwandishi, hata kama ni kidogo cha kutuma kwa simu. Ukiweza kumlipa mchapaji na mwenye basi anayebeba vifurushi, huwezi kusema mwandishi atatosheka na kuonekana. Na mchoraji vilevile. Wazazi wetu walinunua jarida la Sani kwa ajili ya katuni za kina Madenge na Ndumilakuwili, kwa hiyo asikwambie mtu kuwa picha ni pambo la kujazia nafasi. Jina la mchoraji liandikwe kwenye kazi yake, lisijifiche nyuma kwa herufi za siafu. Andikianeni pia karatasi fupi kwamba jarida linapata haki ya kuchapa kwa mara ya kwanza tu, kisha hakimiliki inabaki kwa mwenyewe. Nimemwona kijana akizuiwa kuiingiza hadithi yake mwenyewe kwenye kitabu chake, kwa sababu ya karatasi aliyoisaini bila kuelewa. Hilo lisitokee mkononi mwako.

Jina la jarida liamueni nyinyi.

Likizo ya shule nitakuja Tanga. Wakati huo uwe umekusanya kazi za hao wenzako, na kwa kila kazi uwe umeandika jibu, za kukubaliwa na za kukataliwa. Sitaki kuona jalada wala nembo. Tutakaa barazani kwa mjomba tuyasome majibu hayo moja baada ya jingine.

Msalimie mjomba, na umwambie dawa yake nitakuja nayo.

Dada yako,
Dar es Salaam