Dola la Kirumi lipimwe pia kwa shaba yake

Ndugu Mhariri,

Nimeisoma kwa makini makala ya safu yenu ya historia iliyosifu uimara wa fedha za Kirumi kwa kutegemea sarafu moja tu, solido ya dhahabu ya Mfalme Constantine. Ni kweli kwamba solido, ambazo 72 zilitoka katika ratili moja ya Kirumi ya dhahabu, ilidumu na uzito wake wa karibu gramu 4.5 kwa karne nyingi. Lakini mchuuzi wa Antiokia au kibarua wa Misri hakununua mkate kwa dhahabu. Alinunua kwa shaba, na shaba ina habari nyingine kabisa.

Mfalme Diocletian, aliyemtangulia Constantine, alipoufanyia mageuzi mfumo wa fedha mnamo mwaka 294, alitoa sarafu pana ya shaba, yenye madini ya fedha kidogo ndani yake na uzito wa takriban gramu 10. Constantine huyohuyo anayesifiwa alipofariki mwaka 337, sarafu hiyo ilikuwa imekonda hadi chini ya gramu 2. Mwaka 348 wanawe walijaribu kuirekebisha kwa kutoa sarafu mpya nzito zaidi, ambayo mara nyingi inamwonyesha askari akimchoma mkuki adui anayeanguka na farasi wake, huku maneno FEL TEMP REPARATIO yakitangaza kurejea kwa neema. Haikupita miaka 10 kabla ya sarafu hiyo, pamoja na tangazo lake, kupungua uzito kwa nusu.

Aliyeumia ni mnyonge, kwa sababu kodi nyingi zilidaiwa kwa dhahabu, naye alilazimika kuinunua kwa wabadilishaji fedha kwa shaba isiyokwisha kushuka. Sheria ya Mfalme Valentinian III ya mwaka 445 inataja vijisarafu vya shaba 7,200 kwa solido moja! Mtu anayezungumzia uimara bila kuitaja hesabu hiyo ameandika historia ya matajiri na maofisa peke yao.

Naomba basi makala itakayofuata ianzie mwaka 498, Mfalme Anastasius alipotoa sarafu kubwa ya shaba yenye herufi M, yaani 40 kwa tarakimu za Kigiriki, ili mnunuzi ajue papo hapo kuwa ameshika thamani ya vijisarafu 40.

Msomaji wenu,
Tanga